Bwana Majina

"Nani mwingine alijua?"

Bosi aliuliza kwa sauti ya chini, na hicho ndicho kilichomtisha Tulizo. Bosi huyu akifoka, ofisi nzima hucheka kimoyomoyo, maana hasira zake za kelele hazifiki jioni. Lakini akinong'ona, ujue kuna mtu atatoka na vitu vyake kwenye boksi.

"Alijua nini, bosi?"

"Jina la programu yetu. Keshokutwa tunaitangaza. Leo tunakwenda kununua anwani yake ya mtandaoni, tunakuta ina mwenyewe." Akaigeuza kompyuta ili Tulizo aone. Ukurasa ulikuwa mweupe pe, hauna hata neno moja. Juu yake palisomeka jina lile lile: Tulizo.

Hapa, msomaji, ngoja nikuvute pembeni kidogo. Wazazi wa binti huyu walimpa jina lake zuri tu, nalo ndilo lililo kwenye kitambulisho. Ila yupo mtu mmoja duniani anayemwita Tulizo, kwa maana ya tulizo la moyo wake, na tangu aanze kumwita hivyo, binti haitiki vizuri kwa jina lingine lolote. Kwa hiyo na sisi tumwite hivyo hivyo, tusije tukaonekana wakaidi.

Programu yenyewe ilikuwa ya makampuni kupokelea malalamiko ya wateja. Siku ya kikao cha kuitafutia jina, watu walihangaika mchana kutwa. Mmoja akaleta "Lalamika Hapa." Mwingine akaleta "Sema Usikike," wenzake wakamwambia anyamaze. Ndipo ulimi wa Tulizo, kwa uchovu tu, ukateleza: "Si tuiite Tulizo?" Chumba kizima kikapiga meza. Yeye akaona haya mpaka masikio yakamwaka, na haya yenyewe ilikuwa tamu. Kwa mpenzi wake hakutamka kitu, maana siri ya kazi ni siri.

Tangu siku hiyo akaipata joto ya jiwe. Kazi yake ni kujaribu programu kabla haijatoka na kuandika kila kosa analolikuta. Basi kutwa akawa anaandika: Tulizo imekwama. Tulizo haijibu. Mafundi nao wakipaza sauti kule kwenye kona yao, "Jamani, Tulizo imekufa tena, izimeni muiwashe upya!" anaruka kitini kana kwamba ameitwa.

"Jina la mwenye anwani limefichwa, ila imesajiliwa miaka miwili iliyopita," bosi aliendelea. "Wakati huo programu haikuwepo hata kwenye ndoto. Jina kwenye kikao alilileta nani?"

"Mimi."

"Na mchumba wako anafanya biashara gani?"

Ofisi nzima ilijua. Mchumba wake kazi yake ni kubahatisha. Akisikia kampuni fulani inapika programu mpya, hukaa akafikiri itaitwaje, kisha hukimbilia kununua anwani ya jina hilo kabla wenyewe hawajashtuka. Akipatia, wanamfuata kwa bei nzuri. Akikosea, na hukosea zaidi ya anavyopatia, jina linakaa mwaka halina mnunuzi, halilipiwi tena, linakufa.

"Sisemi umefanya," bosi alisema. "Naangalia tu jinsi mambo yalivyokaa. Mmoja ananunua jina. Mwenzake anakuja kutusukumia mpaka tulipende. Tukishalipenda, tunauziwa. Ni mchezo mzuri. Ningekuwa simlipi mtu mshahara hapa, ningewapigia makofi."

"Bosi, wallahi sijui kitu."

"Basi nenda kamuulize anayejua. Kampuni iko tayari kulipa, na si hela ya mboga, ni hela ya kununua gari. Nataka kusikia bei yake leo kabla hatujafunga ofisi. Nisiposikia, dada yangu, kesho usisumbuke kuja."

Na balaa hilo lilichagua siku ipi? Leo leo! Leo ambayo jioni yake mchumba alikuwa aende kwao Tulizo kusikia jibu la ombi lake la kuoa. Baba yake Tulizo alikuwa dalali wa viwanja mpaka magoti yalipogoma kutembea, na hakumpenda kijana huyu hata chembe. Hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Bwana Majina, na jinsi alivyokuwa anavuta hiyo "Bwana," ungedhani anatema mbegu.

"Mimi niliuza ardhi," mzee alikuwa akisema. "Mtu anaikanyaga, anaishika. Huyu anauza upepo! Halafu nikwambie, mwanangu, mtu anayeuza majina, ipo siku atauza hata la mkewe."

Tulizo alikuwa akicheka kila akilisikia neno hilo. Leo, akiwa anapanda ngazi za nyumba ya mchumba wake, hakuona cha kuchekesha.

Chumba kilikuwa juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilikuwa imeshapenya mpaka kwenye mapazia. Palikuwa na kitanda, meza, viti viwili visivyofanana, na dirisha lisilofunguka mpaka ulisukume kwa bega. Wawili hawa walikuwa na sheria yao humo. Tulizo akiingia, mwanamume anageuza kompyuta itazame ukutani, naye binti analaza simu yake kifudifudi mezani, ili asione mtu cha mwenzake. Kisha Tulizo huuliza, "Leo umezika mangapi?" Mwenzake hutaja idadi ya majina aliyoyaacha yafe, na Tulizo humpa pole kama ya msibani. Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Leo kijana aligeuza kompyuta haraka kama kawaida, akatabasamu na kungoja. Alikuwa ameshapiga pasi shati la kwenda ukweni, limetundikwa mlangoni.

"Huniulizi? Leo ni msiba mkubwa. Matano."

"Tulizo ni ya nani?"

"Ni yangu." Alicheka. "Yangu peke yangu, na jioni hii naenda kumwambia mzee hivyo hivyo."

"Nauliza anwani ya mtandaoni."

Kicheko kikamkatikia. Alimtazama Tulizo usoni, kisha akatazama chini, na kutazama chini huko kukamchoma binti kuliko neno lolote.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Nilitaka ujue siku ya harusi."

"Siku ya harusi? Ulitaka kuniuza siku ya harusi yangu?"

"Kukuuza! Nani amekuuza?"

"Usinizungushe, leo sitaki kuzungushwa." Sauti ilianza kumtetemeka, naye akaikasirikia. "Programu yetu inaitwa Tulizo. Ndiyo, nimeitoa siri, na wanifukuze, si ndivyo wanavyotaka? Mimi ndiye niliyelitaja kikaoni, kwa ujinga wangu, kwa sababu lilikuwa limenijaa kichwani. Wameenda kununua anwani wanakuta ina mwenyewe tangu miaka miwili iliyopita. Bosi anadhani tumepanga. Na mimi nimekuja njia nzima nawaza kitu kibaya kuliko hicho."

"Kipi?"

"Ulianza kipi? Ulianza kuniita, au ulianza kulinunua?" Machozi yalikuwa yameshafika. "Maana ninyi mnajaribu majina, nakujua. Unalitamka mbele ya watu uone kama linapendeza. Miaka miwili hii unaniita Tulizo, Tulizo, kumbe mimi ni kibao cha duka? Niambie tu. Mimi ni mchumba wako, au ni mtu wa kufanyia majaribio?"

Yule mwanamume alisimama. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno mengi, anaweza kumbembeleza paka ashuke juu ya paa. Lakini mbele ya machozi ya Tulizo maneno yalimkimbia yote. Akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Aliishika kompyuta akaigeuza, kioo kikamwelekea binti.

"Sheria yetu inasemaje?" Tulizo aliuliza huku akijifuta kwa kiganja.

"Sheria naivunja mimi. Njoo usome."

Yalikuwa majina yake yote, moja chini ya jingine, na mbele ya kila moja neno "inauzwa" kwa herufi nyekundu, pamoja na siku ya kufa kwake. Yote yalikuwa yanakufa ndani ya mwaka.

"Unanijua," kijana alisema. "Nimewahi kulipia jina zaidi ya mwaka mmoja?"

"Wewe? Huna huruma. Hata lile ulilokuwa unalisifia mpaka mezani, mwaka ulipoisha ulilizika."

"Shuka mpaka chini kabisa. Lile lisilo na wekundu."

Tulizo alishuka. Tulizo ilikuwa ya mwisho. Haikuwa na neno "inauzwa." Alisoma siku ya kufa kwake, akadhani amesoma vibaya, akasogeza uso karibu na kioo.

"Miaka kumi?"

"Kila mwaka naongezea ifike kumi, zaidi ya hapo wenye mitambo hawakubali. Niliwaandikia kuwauliza kama naweza kulipia hamsini. Hawakunijibu, nafikiri walidhani nimelewa." Alivuta kiti akakaa, magoti yake yakagusana na ya Tulizo. "Unakumbuka siku ya ile mvua? Ulikuja umelowa chapa, ukasema unapumzika kidogo, ukalala kwenye kiti hicho na viatu vyako miguuni. Mimi siku hiyo nilikuwa nimepata hasara, nina hasira na dunia nzima. Nikakutazama ulivyolala mdomo wazi..."

"Silali mdomo wazi."

"Unalala. Nikakutazama, hasira ikaniisha yote. Ulipoamka ndipo nikakuita hivyo mara ya kwanza. Ulipoondoka sikupata amani. Nikajiambia, jina zuri namna hii, nisipoliwahi, mtu mwingine kama mimi ataliwahi. Nawajua wenzangu, mpenzi, ni fisi. Usiku ule ule nikalinunua. Na mwenye anwani si mimi. Bonyeza hapo uone."

Tulizo alibonyeza. Mmiliki alikuwa yeye mwenyewe, kwa lile jina lake la kwenye kitambulisho, limeandikwa lote bila kukosea.

Alilia sasa, kilio kile cha kujiachia ambacho mtu hulia akishajua kwamba hakuna tena cha kuogopa. Kijana alimpa fulana iliyokuwa karibu. Ilikuwa inanuka rangi. Tulizo akalia na kucheka humo humo.

"Na hawa watu hawajakuandikia leo kutaka kununua?"

"Wameandika tangu asubuhi mpaka nikachoka. Sikujua ni kina nani, hawakujitaja. Walipotaja bei, nilikaa chini."

"Ukafanyaje?"

"Nikafuta. Halafu nikanywa maji." Alikuna kichwa. "Sikufichi, iliniuma. Kwa hela ile ningeingia kwa baba yako kifua mbele. Lakini ningemwambia nini akiniuliza nimeuza lipi?"

Wakatazamana. Kuna kutazamana kwa watu waliokwisha kusameheana, kuzito na kwa polepole, na mtu wa tatu akiwepo hutafuta pa kuweka macho. Bahati nzuri hapakuwa na wa tatu, ila shati la pasi.

Kijana ndiye aliyerudi duniani kwanza. "Sasa sikiliza. Kazi yako ni muhimu kuliko zawadi. Mpigie bosi, mwambie wachukue. Tena bure, wasiseme tuliwategea. Mimi nitakuita Tulizo hata bila anwani."

Binti alifikiri. Mshahara wake ulikuwa wa uhakika, wa mwenzake ulikuwa wa bahati. Akiutupa, wataingia kwenye ndoa wawili wote wakibahatisha, na mzee atapata la kusema mpaka mwisho wa maisha yake. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, ndiyo, na kesho akae kwenye kiti chake kama kawaida. Akajiona amekaa kwenye kiti hicho. Akawasikia mafundi kwenye kona yao.

"Unajua watu wanavyoziongelea programu?" alisema taratibu. "Mimi ndiye nazijaribu, najua. Hakuna mtu anayeitaja programu ikiwa nzima. Wataitaja ikiwakera. 'Tulizo imegoma. Tulizo imenitia hasara. Hii Tulizo ni takataka.' Kila siku, nchi nzima, tena programu yenyewe ya malalamiko! Jioni narudi nyumbani, unaniita Tulizo, na mimi nakumbuka makosa niliyoandika kutwa." Alitikisa kichwa. "Hapana. Hata bure siwapi. Nipe simu yangu."

"Mpenzi, fikiri kwanza."

"Nimeshafikiri. Nipe simu kabla sijaogopa."

Bosi alipokea haraka. "Haya, bei yake?"

"Bosi, anwani ni yangu. Imeandikwa jina langu, na mimi mwenyewe nimejua leo. Mchumba wangu ananiita Tulizo, alininunulia iwe zawadi. Nilikosea kulileta kikaoni, naomba radhi kwa hilo. Lakini haiuzwi."

"Haiuzwi maana yake mnataka zaidi?"

"Maana yake haiuzwi. Tafuteni jina lingine. Kama unataka kesho nisije, nitakuelewa."

Bosi akakata simu bila kuaga. Kijana akavaa shati lake la pasi, Tulizo akamfungia vifungo.

Walikuwa wamebakiza kona moja kufika kwao Tulizo simu ilipoita. Tulizo alisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akampigia kengele na kumtukana kwa upole.

"Nimekaa nikafikiri," bosi alisema, na leo Tulizo alifurahi kusikia kwamba anafoka. "Mwizi hakatai bei! Ungetaka kuniibia ungenitajia hela! Sasa umeniachia keshokutwa natangaza programu haina jina, unajua hasara yake? Kesho njoo mapema, utajaribu kila kitu upya. Na kwenye kikao cha majina usikanyage. Hata mlangoni nisikuone!"

"Ndiyo, bosi. Asante, bosi."

"Na huyo bwana wako," bosi akaongeza, sauti ikashuka kidogo, "mwambie ana roho ya ajabu."

Waliinama kupita chini ya mlimao ulioziba nusu ya lango, wakaingia. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mguu umewekwa juu ya stuli. Mama alikuwa amevaa nguo ya kutokea, dalili kwamba alishaamua upande wake siku nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwaaana Majina. Karibu. Leo umeuza lipi?"

"Leo sijauza, mzee. Nimekataa kuuza."

"Bei ilikuwa ndogo."

"Ilikuwa hela ya gari, baba," Tulizo alidakia.

Mzee alivua miwani. "Gari zima?"

"Zima, na mafuta yake." Akamsimulia yote, kuanzia kikao mpaka mwenye baiskeli. Mama alishika mdomo mwanzo mpaka mwisho. Baba hakumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Mwisho akamgeukia kijana, akauliza swali la kidalali.

"Hilo umelilipia mpaka lini?"

"Miaka kumi, mzee."

"Na yale mengine?"

"Mwaka mmoja mmoja."

Mzee alitazama nje, langoni. Mama akashindwa kuvumilia.

"Sema basi, mume wangu! Si ulikuwa na maneno wewe? Atauza hata la mkewe, atauza hata la mkewe. Haya, hajauza!"

"Ngoja, mama," baba alisema. "Mimi nimeuza viwanja tangu nina meno yote. Kiwanja cha kuuza unakifyeka, unaweka kibao, unakaa kungoja. Hukipandi mti. Ukimwona dalali anapanda mti kiwanjani, ujue hapo hauzi tena, hapo anataka kuzeekea." Alinyoosha kidole langoni. "Ule mlimao niliupanda wiki aliyozaliwa huyu. Walinifuata watu na hela hapa."

"Na mimi nilikuwa nataka uuze," mama alisema. "Lango gani mtu anapita ameinama!"

"Nilikataa. Sikuwa na sababu ya kumweleza mtu." Mzee alirudisha miwani usoni, akamtazama kijana kwa muda mrefu, kama anayekagua mipaka. Tulizo alishika ukingo wa kiti mpaka vidole vikamuuma.

"Mkwe," mzee akasema, "sogeza kiti uje hapa karibu. Mambo ya harusi hayazungumzwi kwa kupigiana kelele."

Hakuna aliyesogea. Kijana aliendelea kukaa kwa adabu, mikono magotini, akingoja huyo aliyeitwa aitike.

Tulizo alimsukuma kwa kiwiko. "Wewe," alimnong'oneza, machozi yakimrudia, "ni wewe unaitwa."